UZI: Kupanga nyumba Guangzhou ukiwa mgeni, anzia polisi ndipo umtafute dalali

Kontena40 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Kila yakikaribia maonesho ya biashara ya Canton hapo Guangzhou, Aprili na Oktoba, maswali ni yale yale: nyumba Guangzhou inapatikanaje, dalali anakula kiasi gani, Mchina akikwambia "waiguoren bu xing" (mgeni haiwezekani) unafanyaje. Naweka ninachokijua, wajuzi waongezee nyama. Kama una haraka, soma hii sehemu ya polisi tu, mengine utayaokota njiani.

Bongo ukihamia mtaa, mjumbe atakujua siku akijisikia kupita. China hakuna hiyo. Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika 1 Julai 2013, inasema mgeni akilala mahali ambapo si hoteli, ndani ya saa 24 awe ameshaandikishwa kituo cha polisi cha eneo hilo. Kituo hicho kinaitwa *paichusuo*, lishike hilo neno. Hotelini huoni kitu kwa sababu mapokezi wakishaskani pasipoti yako wamekumalizia kazi. Kwenye nyumba ya kupanga, mwenye jukumu ni wewe au aliyekupangisha. Ukichelewa kuna onyo, na faini inaweza kufika yuan 2,000.

Faini siyo inayouma. Inayouma ni ile karatasi ya uandikishaji, *zhusu dengji*. Aliyeingia na viza ya Z (kazi) au X1 (masomo) ana siku 30 za kuibadilisha iwe kibali cha ukaazi, na dirishani uhamiaji kitu cha mwanzo wanachodai ni hiyo karatasi. Kuongeza muda wa viza, hiyo karatasi. Benki nyingi hazikufungulii akaunti bila hiyo karatasi. Kwa hiyo nyumba isiyoandikishika polisi, hata iwe bei chee na ina lifti, kwako hiyo si nyumba.

Paichusuo kwa kawaida wanataka pasipoti yako, mkataba wa pango, nakala ya hati ya nyumba na nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba. Hapo ndipo mtaa kwa mtaa wanapotofautiana. Kuna kituo kinachotaka mwenye nyumba afike mwenyewe mara ya kwanza, kuna kinachotaka mkataba uwe umesajiliwa kwanza (wanaita *beian*), na kuna maeneo unajaza mtandaoni kwa simu na mambo yameisha. Ukishaipenda nyumba, kabla hujatoa hata senti, tembea hadi paichusuo cha mtaa ule na uulize wanataka nini. Ni dakika ishirini za kutembea.

Na swali la kwanza kwa dalali, kabla ya bei, kabla ya picha, ni hili. Linakili kwenye simu:

外国人能办住宿登记吗? (*Waiguoren neng ban zhusu dengji ma?* Mgeni anaweza kuandikishwa polisi hapo?)

Akijibu "meishi, meishi" (hakuna shida) bila kumpigia mwenye nyumba, bado hajakujibu.

Mwisho kwa leo: usipange nyumba ukiwa Dar kwa kuangalia picha. Fikia hotelini siku nne au tano, uandikishwe pale, uzunguke kwa miguu. Na usifikie wiki ya maonesho, hoteli za maeneo ya Xiaobei (mtaa wa Waafrika wengi) na Pazhou (penye ukumbi wa maonesho) zinapanda bei mno.

---

Mgeni_Njiani

Asante mkuu, uzi umekuja wakati wake. Hesabu sasa. Nyumba ya yuan 3,000 kwa mwezi, naingia na shilingi ngapi mkononi? Na wanataka miezi sita kama kwetu?

---

MamaMitumba

@Mgeni_Njiani miezi sita hapana, hapo Wachina ni waungwana kuliko madalali wa Sinza. Ila lazima ujue lugha mbili. *Ya* ni dipoziti, *fu* ni malipo. Guangzhou utasikia sana *ya er fu yi*: dipoziti ya miezi miwili, unalipa mwezi mmoja mmoja. Ukienda Shanghai au Beijing zaidi ni *ya yi fu san*: dipoziti mwezi mmoja, unalipa miezi mitatu mitatu.

Kwa pango la 3,000:

Ya er fu yi: 6,000 + 3,000 = 9,000
Ya yi fu san: 3,000 + 9,000 = 12,000

Juu yake weka udalali. Guangzhou mazoea ni nusu mwezi kwa mpangaji (1,500) na nusu nyingine kwa mwenye nyumba. Beijing unaweza kufika mwezi mzima. Udalali unalipwa baada ya kusaini mkataba. Dalali anayetaka "ada ya kukuonesha nyumba" mwache hapo hapo, hiyo haipo.

Weka na mia chache za kubadili kitasa. Huyo fundi usimruke, maana hujui funguo za mpangaji wa zamani ziko mfukoni mwa nani. Kama ni kitasa cha namba, hakikisha namba za zamani zimefutwa zote, isiwe umeongeza ya kwako tu juu ya zao.

Sasa kuna mtego ambao wageni wengi wanaukuta siku ya kusaini. Umeunganisha kadi yako ya Visa ya benki ya nyumbani kwenye WeChat au Alipay (programu zao za kulipia kwa simu), unanunua chakula, unapanda metro, kila kitu shwari. Ukija kumtumia mwenye nyumba dipoziti, inagoma. Unabonyeza tena, inagoma. Salio lipo, kadi ni nzima, ila kadi ya nje hulipa dukani, kumtumia mtu binafsi hela mara nyingi inakataa. Na akaunti ya benki ya China huna kwa sababu huna karatasi ya polisi, na karatasi huna kwa sababu huna mkataba. Kuku na yai.

Kuna njia tatu za kutoka. Panga kupitia kampuni yenye QR ya biashara, maana hiyo inakubali kadi ya nje. Au lipa taslimu, na mwenye nyumba akuandikie stakabadhi (*shouju*) yenye jina lake kamili, kiasi, tarehe na maneno "dipoziti" na "pango" yakiwa yametenganishwa. Au mwenyeji unayemwamini amtumie kwa niaba yako, huku kwenye maelezo ya muamala ameandika anwani ya nyumba na jina lako.

Jina la anayepokea hela lazima liwe lile lile la kwenye hati. Ukiambiwa "tuma kwa mke wangu", mwambie aandike hilo kwenye mkataba.

---

Kontena40

@MamaMitumba umenikumbusha kishika uchumba. Hapa wengi wanapigwa kwa herufi moja tu.

Dalali atakwambia weka *dingjin* ili nyumba isichukuliwe, labda 500 au 1,000. Dingjin ziko mbili na zinatamkwa sawasawa kabisa:

定金: hii ina meno kisheria. Ukikacha wewe, imeliwa. Akikacha yeye, anatakiwa akurudishie mara mbili.
订金: hii ni malipo ya awali tu, dili ikifa inadaiwa irudi.

Tofauti iko kwenye herufi ya kwanza. 定 ina kofia juu, kama paa la nyumba. 订 ina kimstari kama ndoano pembeni. Soma kilichoandikwa kwenye stakabadhi, usisikilize kilichosemwa. Halafu mwambie aongeze sentensi hii: "Mgeni asipoandikishika paichusuo, fedha yote inarudi." Akigoma kuiandika, ameshakujibu lile swali la kwanza.

---

Jogoo_la_Shamba

Mnatisha watu bure. Vijana wako kibao Sanyuanli, wanakaa vyumba vya ndani ndani bila hati wala dalali na maisha yanaenda.

---

Keja_254

@Jogoo_la_Shamba kaka, maisha yanaenda mpaka siku polisi wanagonga mlango. Acha niseme juu ya aina za nyumba, ndio watu wajue wanachagua nini.

Kuna *xiaoqu*, mtaa wenye geti, askari na ofisi ya usimamizi (*wuye*). Hati ipo, stima ni ya bei ya serikali, uandikishaji kwa kawaida ni rahisi. Ndani yake tofautisha *dianti lou* (yenye lifti) na *louti lou* (ya ngazi). Guangzhou ya zamani ina majengo ya orofa saba, nane, hata tisa bila lifti. Tangazo likiwa zuri na bei iko chini ajabu, uliza orofa. Kubeba mabegi ya kilo 46 mpaka ya nane si mchezo.

Kuna *gongyu*, vyumba vya studio kwenye majengo ya kibiashara. Mpya, vinang'aa, vina fanicha yote. Tatizo ni kwamba stima na maji mara nyingi ni bei ya biashara, na gesi ya bomba hakuna, unapika kwa jiko la umeme. Kwa mtu wa peke yake asiyepika sana, ni sawa. Kwa familia ya ugali kila siku, piga hesabu upya.

Halafu kuna *chengzhongcun*, vijiji vilivyomezwa na jiji. Hizo ndizo nyumba za Jogoo. Majengo yamebanana mpaka wenyewe wanayaita *woshou lou*, yaani unaweza kumsalimia jirani kwa mkono kupitia dirisha. Dirisha lipo lakini jua halipo. Ardhi ni ya kijiji, kwa hiyo mwenye nyumba mara nyingi hana hati ya kawaida, na hapo ndipo uandikishaji unapokwama, ingawa vituo vingine vinapokea barua ya kamati ya kijiji. Pango ni la chini, lakini angalia bei ya uniti. Nyumba ya kawaida Guangdong inalipa takriban yuan 0.6 kwa uniti. Kijijini mwenye nyumba anaweza kukukata 1 hadi 1.5. Kiyoyozi kikifanya kazi usiku kucha kuanzia Mei mpaka Oktoba, ule unafuu wa pango unaishia kwenye stima.

Kuhusu ukubwa, usiamini namba ya tangazo. Wanahesabu na sehemu yako ya ngazi, korido na lifti (*gongtan*). Mita za mraba 60 za kwenye karatasi, ndani unaweza kupata 45 hadi 50. Beba futi kamba.

Ukienda kukagua, nenda mara mbili, mchana na usiku. Mchana unatafuta jua la magharibi. Chumba kinachotazama magharibi kinaoka ukuta alasiri yote, usiku ukuta unakurudishia joto lote. Usiku unasikiliza kelele na kuona kama ngazi zina taa.

Fungua maji ya sinki na bomba la kuogea kwa pamoja uone presha. Mwaga ndoo nzima ya maji bafuni uangalie yanaenda wapi, na unuse tundu la maji machafu, maana majengo mengi ya zamani hayana mtego wa harufu. Hita ya maji ikiwa ya gesi, tafuta kibandiko cha tarehe ya kutengenezwa: maisha yake ni miaka 8. Ikiwa imepita, au imefungwa ndani ya bafu, au bomba la moshi halitoki nje ya ukuta, usioge hata siku moja kabla haijabadilishwa. Ile hewa ya sumu haina harufu.

Na kuna *huinantian*. Hii ni ya Guangdong na majirani zake. Kati ya Februari na Aprili upepo wa unyevu kutoka kusini unaikuta nyumba bado ina baridi ya kipupwe, basi kuta na sakafu zinatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Orofa ya kwanza mpaka ya tatu ndizo zinazoumia. Ukikagua mwezi wa kumi hutaona kitu, kwa hiyo vuta kabati kidogo utazame nyuma yake, angalia chini ya godoro na pembe za dari. Ukuta uliopakwa rangi juzi chini tu, mita moja kutoka sakafuni, unaficha ukungu. Siku zenyewe zikifika, funga madirisha. Wengi wanayafungua ili pakauke, kumbe wanakaribisha maji.

---

Mgeni_Njiani

Aisee. Futi kamba naweka kwenye begi. Hao wanaoitwa *er fangdong* ni kina nani? Nimeona jina hilo kwenye kila onyo.

---

Kontena40

"Mwenye nyumba wa pili". Kapanga kwa mwenyewe, kakupangishia wewe. Si lazima awe tapeli, wako wengi sokoni, na zile kampuni kubwa za nyumba zinafanya hivyo hivyo, ila kwa mpangilio. Hatari ni mbili. Moja, mwenye nyumba halisi hajaridhia, na sheria yao ya madai (Civil Code) iliyoanza 2021 inamruhusu avunje mkataba wa huyo wa kati. Mbili, wa kati anapokea kwako ya mwaka mzima na kumlipa mwenyewe mwezi mwezi, halafu anatoweka. Mwishoni mwa 2020 kampuni ya Danke, yenye hisa soko la New York, ilikwama namna hiyo, na wapangaji waliokwisha kulipa wakakuta wenye nyumba wanadai vyumba vyao.

Ukikutana na er fangdong, taka kuona mkataba wake na mwenye nyumba. Tazama vitu viwili tu: kama kuna kifungu kinachomruhusu kupangisha (*zhuanzu*), na tarehe ya mwisho. Kama wake unaisha Machi na wako Agosti, hapo hakuna dili. Usikubali kulipa zaidi ya miezi mitatu hata akikupunguzia, na usisaini kitu chochote cha mkopo wa pango kwenye programu ya simu. Kuna wanaokusainisha mkopo ukidhani unasaini mkataba.

---

MamaMitumba

Niongeze ya mkataba. Nakala ya Kichina ndiyo inayotambulika, tafsiri ni ya kukusaidia kulala usingizi. Mpe anayesoma Kichina akusomee haya, mengine si ya kugombea:

Majina na namba za vitambulisho pande zote mbili, namba ya pasipoti iandikwe vile vile ilivyo. Ukibadili pasipoti katikati ya mkataba, utaandikishwa upya polisi.

Dipoziti ni kiasi gani, inarudi siku ngapi baada ya kukabidhi funguo, na inakatwa kwa sababu gani. Kanuni mpya za upangishaji zilizoanza 15 Septemba 2025 zinataka mambo hayo yaandikwe. Zinamkataza pia mwenye nyumba kuingia bila ruhusa yako, na zinakataza kupangisha jiko, choo au roshani kama chumba cha kulala. Mtu akikuonesha "chumba" ambacho ni roshani iliyozibwa kwa mbao, ujue ndicho hicho.

Matengenezo. Kisheria vitu vikichakaa vyenyewe ni juu ya mwenye nyumba. Asipotengeneza, unaweza kutengeneza ukamdai. Lakini mikataba mingi ya kununua stationari inageuza hilo kimya kimya, kifungu cha nne au cha tano.

Kuvunja mkataba mapema. Hapa mtu wa viza atulie. Omba sentensi inayosema viza au kibali kikikataliwa, unaondoka kwa taarifa ya siku 30 bila kupoteza dipoziti. Wengine wanakubali, wengine wanakubali nusu.

Nyumba ikiuzwa katikati usishtuke, mauzo hayavunji mkataba wa pango, mnunuzi anakurithi.

Kuhusu beian, mwenye nyumba akikataa kusajili mkataba, anaogopa kodi, ya serikali si ya pango. Na risiti ya kodi, *fapiao*, kama kampuni yako inaidai, isemee kabla ya kupatana bei. Bei unayotajiwa huwa haina fapiao ndani yake.

Siku ya kupokea funguo piga video moja bila kukata, kuanzia mlangoni: mita ya umeme, ya maji, ya gesi namba zisomeke, kila mkwaruzo, kila kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mtumie mwenye nyumba kwa WeChat siku hiyo hiyo. Ukibaki nayo kwenye simu yako peke yako, haina tarehe anayoitambua yeye. Siku ya kutoka, suala la dipoziti limalizeni pale pale nyumbani kabla hujakabidhi funguo ya mwisho.

---

Nuru_wa_Zenj

Assalam alaykum. Mimi ni wa chuo, Wuhan si Guangzhou. Haya yanafanana? Na wa viza ya biashara anayekaa siku 30, naye apange?

---

Keja_254

Waalaykum salaam dada. Uandikishaji wa saa 24 ni nchi nzima. Kwa mwanafunzi, anza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Vyuo vingine vinataka idhini ya maandishi kabla hujatoka bwenini, na ukihama bila idhini unajitafutia matatizo ya kibali. Wuhan cha kuangalia ni baridi: upashaji joto wa mabomba ya jiji ni wa kaskazini, na Wuhan iko kusini ya mstari. Majengo mengi hayana, kwa hiyo washa kiyoyozi upande wa joto siku ya kukagua, hata kama ni Julai. Na Julai yenyewe bei ziko juu kwa sababu ya wahitimu. Desemba na Januari, kabla ya mwaka mpya wa Kichina, mwenye nyumba anajadilika.

Wa siku 30, asipange. Chini ya miezi mitatu chukua *jiudianshi gongyu*, hoteli ya vyumba vyenye jiko inayolipwa kwa mwezi. Mapokezi wanakuandikisha, dipoziti ni ndogo, na Xiaobei ziko nyingi.

---

Mgeni_Njiani

La mwisho wakuu. Shemeji akija wiki mbili kununua mzigo akalala kwangu, na mabelo yake tukayaweka sebuleni, kuna neno?

---

Kontena40

Shemeji anaandikishwa ndani ya saa 24 kama wewe, na pasipoti yake. Angalia pia mkataba unaruhusu watu wangapi. Mabelo hapana. Sebule ikigeuka stoo, ukaguzi wa zimamoto ukipita mwenye nyumba ndiye anayeitwa, na atakutoa wewe. Ukumbi wa ngazi ndiyo kabisa usiweke kitu, hata pikipiki ya umeme imekatazwa kuchajiwa hapo tangu Agosti 2021. Wakala wako wa shehena ana ghala, mwambie akupokelee mzigo huko huko.